Sura ya Sita: Vioo vya Fundi Chokaa

Maji ndani ya bilauri yalianza kutikisika kabla ya meza. Inspekta aliyaona, akahesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu, nne. Kisha meza nayo ikaanza kugongagonga sakafu, taa ikayumba juu ya vichwa vyao, na Koplo aliyekuwa ameegemea mlango akajikuta yuko nje ya mlango bila kukumbuka alitoka vipi.

"La kumi na tisa," Koplo alisema aliporudi, akijipangusa vumbi ambalo halikuwepo. "Tangu tetemeko lile kubwa la juzi, hili ni la kumi na tisa, Afande."

"Na yote umeyahesabia nje," Inspekta alimjibu.

Mzee aliyekaa upande wa pili wa meza hakuwa ametikisika. Alikuwa na pingu mikononi na chokaa kwenye mikunjo ya shingo, chokaa ya miaka hamsini ambayo sabuni ilishaikatia tamaa. Mji mzima ulimwita Fundi Chokaa. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye jalada la kesi tu, na hata yeye aliposomewa alichelewa kuitika.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mahakama ya zamani, jengo la mawe na chokaa lililojengwa na watu ambao hata wajukuu wao walishazikwa, lilikuwa limefanyiwa kazi mwaka mzima ili lihimili matetemeko. Kazi ikaisha, utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Juzi saa nne asubuhi ardhi ikatikisika, na katika mtaa mzima, pamoja na vibanda vya mabati na nyumba za matofali ya kuchoma, jengo pekee lililoanguka lilikuwa lile lililoimarishwa. Ukuta wa nyuma uliangukia masjala na kumuua karani papo hapo, kwenye kiti chake. Jioni ile ile injinia aliyesimamia kazi alitoa maelezo: mzee alichanganya saruji kwenye chokaa kwa siri, ukuta ukawa mgumu na mkavu, na ukuta wa namna hiyo haupindi, unakatika. Mzee akatiwa ndani kabla hajala chakula cha jioni.

Yote hayo yangeweza kufuata utaratibu wake. Kilichomnyima Inspekta usingizi ni kwamba watu wale wale, kwa miezi ile ile, waliimarisha pia wodi ya wazazi ya hospitali, jengo la umri ule ule. Wodi haikuanguka juzi. Ilikuwa bado imejaa watu, na kwenye kitanda cha nane alikuwa amelala mdogo wake wa mwisho, aliyejifungua kwa upasuaji siku moja kabla ya tetemeko.

Alimwaga bahasha mezani. Vilitoka vipande vya kioo, vyembamba, virefu kama kidole, vyote vimekatika katikati, na kwenye ncha zake vimeng'ang'aniwa na madonge meupe.

"Nimevibandua asubuhi hii kwenye ukuta wa pembeni wa mahakama, ule uliobaki umesimama," alisema. "Vilikuwa vitano, vimebandikwa juu ya nyufa. Niambie ni vya nini, mzee wangu."

Fundi Chokaa alivitazama kama mtu aliyekutanishwa na ndugu zake mahabusu.

"Ukuta mzee hauna budi kuwa na nyufa, mwanangu. Sasa utajuaje ufa uliolala na ufa unaotembea? Unaweka kipande cha kioo juu yake kama daraja, ncha hii chokaa, ncha hii chokaa. Kioo hakijui kunyumbuka. Ukuta ukisogea unene wa ukucha tu, kinapasuka. Ukikikuta kizima, nenda kalale."

"Kwa hiyo ni mlinzi," Koplo alisema.

"Mlinzi asiyekimbia," mzee alijibu, na Koplo akapata shughuli ya ghafla na kifungo cha shati lake.

Inspekta alisogeza donge moja kwa ncha ya kalamu. Katikati yake kulikuwa na alama ya kidole gumba, imezama sawasawa. "Na hii?"

"Ndivyo tunavyofanya. Chokaa ikiwa mbichi unaweka kidole chako, ili kazi ikiharibika mtu ajue wa kumlaumu. Aliyenifundisha aliweka chake, na mimi naweka changu." Aliinua mikono yote miwili kwa sababu ya pingu, akamwonyesha kidole gumba cha kulia. Kovu lilikipasua toka ncha hadi kiungo, refu na lenye kina. "Patasi. Mwaka wangu wa kwanza kazini. Nililia mpaka nikafukuzwa nikalilie nyumbani."

Inspekta alivipanga vioo vile kimoja kimoja mbele yake. Cha kwanza kilikuwa na rangi ya kijani kwa mbali, kina viputo ndani na mawimbi juu, na kwenye donge lake alama ya kidole ilikuwa na mstari ulioipasua katikati. Vile vinne vilivyobaki vilikuwa vyeupe, laini, vimenyooka kama maji yaliyotulia. Kwenye madonge yake vidole vilikuwa vizima, havina kovu wala nini.

Mzee hakuambiwa kitu. Alikokota donge moja hadi karibu, akalikwaruza kwa ukucha, akaonja unga wake kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Hii si chokaa. Hii ni jipsamu, ile ya dari. Inakauka kabla hujapepesa macho. Na kioo si changu. Vyangu vyote nilivikata kwenye madirisha mabovu ya mahakama yenyewe, kioo cha zamani, kina viputo." Alilisukuma donge mbali. "Na kidole si changu. Kuna mtu amejifanya mimi."

"Uliondoka lini pale?"

"Miezi mitatu sasa. Niliziba nyufa, nikaweka vioo, nikaacha matundu ya nondo. Injinia akasema asante mzee, nondo ni kazi ya vijana wa chuma. Nondo ndizo zenyewe, mwanangu. Zinaufunga kila ukuta kwenye ule wa pembeni yake, zinalibana jengo kama mkanda. Ardhi ikicheza, kuta zinakwenda pamoja na kurudi pamoja. Bila nondo kila ukuta unacheza ngoma yake."

"Nani alikuwa akivitazama vioo ulipoondoka?"

"Marehemu karani. Nilimwonyesha mimi. Kila Jumatatu akifungua masjala alivipitia vyote, halafu ndiyo anavua koti. Kikipasuka, amwambie injinia."

Inspekta aliegemea kiti. Vioo vinne vya mzee kati ya vitano vilipasuka kabla ya tetemeko, wakati mahakama ingali inatumika, na mtu akabandika vingine ili vionekane vizima. Mtu huyo alijua ukuta unatembea. Alijua pia kwamba Fundi Chokaa huacha kidole, akajisahau kwamba na yeye anacho chake.

"Wodini uliweka vingapi?" aliuliza.

"Viwili, kwenye ukuta mrefu." Mzee alikunja uso. "Mmeshawatoa watu mle?"

"Wamo. Akina mama ishirini na watatu, na watoto wao."

Fundi Chokaa alisimama na pingu zake kama mtu anayewahi basi. Ilibidi Koplo amkalishe kwa kumshika mabega, tena kwa adabu.

*

Ofisi ya injinia ilikuwa kontena lililogeuzwa chumba, katikati ya uwanja wa vifaa, mbali na ukuta wowote. Ndani kulikuwa na feni, michoro iliyoviringishwa, buti safi mlangoni, na fremu tatu ukutani: yeye akisimama kando ya wakata utepe, yeye na wenzake wa chuo, na cheti chake cha uhandisi.

"Karibu, Afande. Poleni na kazi."

"Asante, tumeshapoa."

Alikuwa mtu wa maneno laini, anayekusogezea kiti kabla hujakitazama. Juu ya meza aliweka bonge la kijivu, zito kama jiwe la kusagia. "Ushahidi huo hapo. Saruji tupu. Nimeiokota mwenyewe kwenye kifusi cha ukuta wa nyuma. Mzee ni mtu mzuri, inaniuma, lakini uzembe ni uzembe."

Koplo alilichukua bonge akaligeuza. Alilitazama chini, akalitazama juu, akamtazama injinia.

"Ukuta wa nyuma ulikuwa na vigae?"

"Vigae? Hapana."

"Hili lina mistari ya vigae. Na hapa pameshika rangi ya bluu." Koplo alikuwa na sura ya mtu anayejuta kusema anachokisema. "Vigae vya bluu viko chooni, Afande. Choo cha mahakama. Siku ile tunafanya upekuzi tumbo lilinisumbua, nilikaa navyo muda mrefu."

Injinia alicheka, kicheko kifupi. "Kifusi kilikuwa kingi. Labda nimechanganya."

"Labda," Inspekta alisema. "Na nondo? Ziliwekwa?"

"Zote. Mahakamani kumi na mbili, wodini nane. Ripoti ipo, ina saini yangu."

"Naweza kuziona?"

"Zimezikwa ndani ya kuta, Afande. Kwa nje utaona mabamba ya chuma tu, yale yanayoshika ncha. Za ukuta ulioanguka zilizolewa na katapila wakati wa uokoaji, na wauza vyuma chakavu unawajua."

Inspekta aliinuka akaenda kuzitazama fremu, mikono nyuma, kama mgeni anayesubiri chai. Picha ya utepe ilimrudishia uso wake mwenyewe kwenye kioo. Picha ya chuo vivyo hivyo. Cheti hakikumrudishia kitu. Karatasi ilikuwa wazi kabisa, kona yake ya chini imejikunja, na juu ya jina la mwenyewe nzi walikuwa wameacha madoa yao, madoa mengi.

"Kioo cha cheti kimepatwa na nini?"

"Tetemeko la juzi," injinia alijibu haraka. "Kilianguka."

Picha ya utepe ilikuwa imening'inia pembeni yake kwa kimsumari chembamba kama kijiti cha meno, wala haikuwa imepinda. Inspekta aliliweka hilo tumboni, akageukia jambo lililomleta.

"Muuguzi mkuu wa wodi anasubiri barua yako. Utawala wa hospitali umesema bila neno la injinia hakuna kitanda kinachosogezwa."

"Jengo ni salama. Nitaituma kesho."

"Njoo uisaini leo saa sita. Ndani ya wodi, mbele yake na mbele yangu."

"Si lazima niingie ndani, Afande. Barua ni barua."

"Akina mama hawalali kwa hofu. Wakimwona injinia mwenyewe amekaa ndani, ametulia, nao watatulia."

Mtu aliyesema jengo ni salama hana mahali pa kukataa kuingia ndani yake, na injinia hakuwa mjinga. "Sawa," alisema. "Saa sita."

Nje, Koplo alikuwa anatembea kama aliyekanyaga makaa. "Tumfunge sasa hivi, Afande! Vile vioo vyeupe vimekatwa kwenye fremu ile! Tetemeko la juzi gani? Nzi gani wanachafua karatasi namna ile kwa siku tatu?"

"Nitamfunga kwa kosa la kukosa kioo kwenye fremu? Akifungwa atafumba mdomo, atasubiri wakili wake. Kamlete Fundi Chokaa wodini. Nataka aniambie kitu kimoja."

"Kipi?"

"Nikiwatoa watu mle, niwatoe kwa mlango upi."

*

Wodi ya wazazi ilikuwa chumba kimoja kirefu, dari juu sana, vitanda safu mbili, harufu ya dawa na maziwa. Kuta ndefu mbili zilibeba madirisha. Kuta fupi, moja mbele na moja nyuma, zilipanda hadi kileleni mwa paa kwa umbo la pembetatu, mawe juu ya mawe, na chini ya kila moja kulikuwa na mlango. Huwezi kutoka mle bila kupita chini ya mojawapo.

Inspekta alivikuta vioo viwili nyuma ya kabati la mashuka. Vyote vyeupe, laini, vimekatika katikati. Madonge ya jipsamu. Kidole kizima, hakina kovu. Alivipiga picha, akaandika saa kwenye daftari.

"Dada," sauti ilimwita kutoka kitanda cha nane. "Umekuja kumwona mtoto au dari?"

Alimsogelea mdogo wake, akamshika mguu kupitia shuka kwa sababu mikono yake ilikuwa na vumbi. Mtoto alikuwa amelala kifuani mwa mama yake, amekunja ngumi kama mwenye kesi. Inspekta aliogopa. Aliogopa waziwazi, na kwa dakika nzima hakuwa askari wa mtu yeyote.

"Nimekuja kumwona mtoto," alisema. "Anafanana na wewe. Maskini."

"Nenda zako huko."

Fundi Chokaa aliingia na pingu zake, Koplo ubavuni, na akina mama wakavuta shuka juu. Mzee hakuwatazama. Alibandika kiganja kwenye ukuta mrefu, akatembea nacho polepole hadi mwisho, akarudi.

"Huu umesukumwa," alisema kwa sauti ya chini. "Zaidi ya mara moja. Ukuta mfupi mmoja hauna nondo, unayumba unauvuta huu. Ingekuwa zote mbili, juzi wodi ingelala chini."

"Upi?"

"Sijui, mwanangu. Ningepanda nikagonga bamba ningekwambia. Bamba lenye nondo hulia kama kengele, lisilo na kitu hulia kama ubao. Lakini yako kule juu, na ardhi hii nani atampandisha mtu ngazi?"

Muuguzi mkuu, mama mfupi mwenye saa iliyobanwa kifuani, alikuwa amesikia yote. "Afande, niongee wazi. Mlango wa mbele una njia ya mteremko, vitanda vinapita na magurudumu yake, nusu saa nimemaliza. Wa nyuma unatokea kwenye kufulia, mwembamba, una ngazi nne. Itabidi tuwabebe mmoja mmoja kwa machela. Nina kumi na mmoja wenye mshono mbichi."

"Mahakamani ulianguka wa nyuma," Koplo alisema. "Basi hata hapa ni wa nyuma. Tuwapitishe mbele, tumalize."

Inspekta alitamani iwe hivyo. Kila kitu kilielekeza mbele: mteremko, magurudumu, haraka, na mfano wa mahakama. Lakini ilikuwa kukisia, na akikosea, atakuwa amewapanga foleni chini ya ukuta usioshikwa na kitu, polepole, na mdogo wake katikati yao.

"Saa ngapi, Sista?"

"Saa sita kasoro dakika tatu."

"Tumsubiri mwenye jengo lake."

Alisimama dirishani, pembeni ya pazia. Jua lilikuwa kali. Uwanja mzima wa hospitali ulikuwa na kivuli cha maana mahali pamoja tu, chini ya ukuta wa mbele, na magari matatu ya wafanyakazi yalikuwa yamebanana pale kama mbuzi. Nafasi ya gari la nne ilikuwa wazi. Gari la injinia liliingia getini, likapunguza mwendo, likaipita nafasi ile, likaenda kuegeshwa juani, kule mwisho kwenye uzio.

Injinia alishuka na faili lake. Alitembea hadi hatua thelathini hivi kutoka mlango wa mbele, akasimama. Akainua macho juu, kwenye kilele cha ukuta, akayashusha. Mbele yake mteremko ulikuwa wazi na mlango umefunguliwa. Akakata kushoto. Alilizunguka jengo kwa upande ule kwenye jua lile, akaruka mfereji, akapita chini ya kamba za mashuka yaliyoanikwa, akapanda ngazi nne za mlango mwembamba wa nyuma, akaingia wodini huku anajifuta jasho.

"Samahani, nimechelewa."

"Umezunguka," Inspekta alisema.

"Nilitaka kulikagua jengo lote."

"Ulipitia upande mmoja tu." Alimgeukia muuguzi mkuu. "Sista, wote kwa mlango wa nyuma. Kwa machela, kwa mikono, kwa mgongo, vyovyote. Mlango wa mbele ufungwe, na mtu wa kupiga kelele asimame nje awaondoe wenye magari."

"Kwa idhini ya nani?" injinia aliuliza. Sauti yake laini ilikuwa imepata mikwaruzo.

"Yako. Umetuonyesha njia. Kaa pale nikuone."

Muuguzi mkuu hakusubiri barua tena. Alipiga makofi mara mbili, na wodi ikaamka kama soko. Wauguzi, wafua nguo, mabaharia wawili waliokuja kuwaona wake zao, mpishi na aproni yake, wote wakaitwa. Watoto walitangulia, wawili wawili mikononi, wakipiga kelele za kukatizwa usingizi. Fundi Chokaa alinyoosha pingu zake mbele ya Koplo. Koplo alimtazama Inspekta, Inspekta akatikisa kichwa kukubali, ufunguo ukazunguka. Mzee akaenda kusimama kizingitini mwa mlango wa nyuma, kiganja kimoja ukutani, mkono wa pili ukipokea ncha za machela.

Walibeba. Kumi, kumi na tano, ishirini na wawili. Wenye mshono walibebwa na watu wanne wanne, wakishushwa ngazi kwa kuhesabiwa. Kitanda cha nane kilibaki cha mwisho, na mdogo wake Inspekta aliuma ncha ya kanga asipige yowe waliposhuka ngazi ya pili. Inspekta alikuwa ameshika upande wa kichwa. Koplo alikuwa bado ndani, upande wa miguu.

"Linakuja," Fundi Chokaa alisema, kiganja ukutani.

Hakuna aliyekuwa amesikia kitu. Kisha madirisha yakaanza kulia. Koplo alikuwa na mlango mbele yake na uwanja mzima nyuma ya mlango ule. Mtu yeyote aliyemjua angemsamehe. Hakuachia. Alivuka kizingiti, akashuka ngazi zote nne, uso umekuwa wa majivu, midomo ikihesabu, na alipofika chini ndipo kule mbele ukuta ulipotoka mahali pake. Ulijitenga na paa polepole, kama mlango unaofunguliwa, ukasimama kidogo, halafu ukalala wote kwa pamoja juu ya mteremko. Vumbi likapita wodini toka mwanzo hadi mwisho, likawatokea mlango wa nyuma, likawapaka watu wote rangi moja.

Mtoto alipiga chafya.

"La ishirini," Koplo alisema. Aliketi chini kwenye maji ya kufulia, akaanza kulia, wala hakujificha.

Muuguzi mkuu alihesabu wagonjwa mara tatu, akigusa kila mmoja begani. Ishirini na watatu. Magari yale matatu yalikuwa yameondolewa. Mlangoni, Fundi Chokaa alikuwa bado na kiganja ukutani. Ukuta wa nyuma ulikuwa umesimama, nondo zake ndani.

Injinia alitoka wa mwisho, akakaa kwenye ukingo wa karo, faili magotini. Inspekta alimwendea na kidau cha wino, kile kinachotumiwa na akina mama wasiojua kuandika wanapokubali upasuaji.

"Nitaandika maelezo," injinia alisema. "Nondo zilipungua. Kuta mbili tu. Siku ya utepe ilikuwa imeshapangwa, nikasema nitaziweka baadaye."

"Maelezo utaandika kituoni. Saa hizi nataka kidole gumba cha kulia."

Alikitazama kidole chake. Alikifuta kwenye suruali, mara ya kwanza, mara ya pili, ijapokuwa vumbi lilikuwa limemjaa mwili mzima.

"Karani alinifuata," alisema. "Jumatatu mbili mfululizo. Alikuja na vipande kwenye bahasha, kama wewe. Mara ya pili nikamwambia nimeshashughulikia, vioo vipya viko pale, akatazame mwenyewe. Akaenda akatazama. Akaona kidole cha fundi." Alipangusa vumbi kwenye faili. "Akarudi kuniomba radhi kwa usumbufu. Halafu akaenda kukaa kwenye kiti chake."

Inspekta alikishika kidole kile, akakigandamiza kwenye wino, kisha kwenye karatasi, akakishikilia pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.